Wasomaji Wauliza: Albamu Nzito za Kusikilizwa Mwanzo Hadi Mwisho

SWALI: Shikamoo kaka mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mwanza. Mjomba wangu alituachia kanda nyingi za roki ya zamani, nami nimezisikiliza hadi nimezikariri. Sasa natamani kujua mambo mapya, lakini kila nikitafuta mtandaoni nakutana na orodha za albamu mia moja za mwaka, na bando langu halitoshi hata kwa kumi. Wewe mwenyewe, katika miaka hii ya karibuni, umesikiliza nini zaidi katika muziki mzito na muziki mbadala, na kwa nini?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nitakutajia albamu chache tu, zile ambazo nimezirudia mara nyingi na bado hazijanichosha, lakini kabla hujaanza nakuomba jambo moja: usizisikilize vipande vipande. Wimbo wa bongofleva unaweza kupigwa redioni peke yake usipungukiwe na kitu, ilhali watunzi wengi wa muziki mzito hupanga albamu kwa mfuatano, na mara nyingi uzito wa wimbo wa tano unatokana na utulivu wa wimbo wa nne. Msikilizaji anayeruka-ruka hupata kelele na kukosa sababu ya kelele hizo, kisha anasema muziki huu hauna maana.

Juu ya zote naweka Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, bendi ya Denver, Marekani, iliyotoka Oktoba 2024. Albamu nzima ina tungo mbili tu, "The Stargate" na "The Message", kila mmoja wa dakika 20 hivi na umegawanywa katika sehemu tatu. Waliirekodi Berlin katika studio ya Hansa, ambayo zamani ilikuwa karibu kabisa na Ukuta wa Berlin na ambamo mwimbaji wa Uingereza David Bowie alirekodi albamu ya "Heroes" mwaka 1977, na ukiisikiliza utaona kwamba hawakwenda huko kutalii. "The Stargate" unaanza kwa deth metali ya kweli, yaani dramu za kasi isiyo ya kawaida na sauti ya kunguruma, halafu, pale ambapo sikio linaanza kuzoea dhoruba, kila kitu kinapungua, gitaa linalainika, na katika sehemu ya pili vinanda vya umeme vinatawala. Hapo yumo Thorsten Quaeschning wa kundi la Kijerumani la Tangerine Dream. Sisi tuliokulia katika muziki wa dansi tumezoea wimbo uanze taratibu kwa mashairi ndipo sebene lifunguke. Hawa wamegeuza mpango huo: wanakuanzisha kwenye ghasia, wanakupumzisha, kisha wanakurudisha ghasiani ukiwa mtu mwingine. Sikiliza kwa makini gitaa la besi la Jeff Barrett, ambalo shingoni halina vile vichuma vya kugawa sauti, kwa hiyo noti zake huteleza badala ya kuruka. Katika bendi nyingi za aina hii besi humezwa kabisa na magitaa; humu inasikika kama mtu wa tatu katika mazungumzo.

Ya pili ni Songs of a Lost World ya The Cure ya Uingereza, iliyotoka Novemba 2024, miaka 16 baada ya albamu iliyoitangulia. Wapo watakaoniuliza kwa nini naiweka hapa wakati haina ngurumo hata moja. Naiweka kwa sababu ni nzito kuliko albamu nyingi zinazojiita nzito. Wimbo wa kwanza, "Alone", unakwenda zaidi ya dakika tatu kwa ala peke yake kabla Robert Smith hajafungua kinywa, na dramu zinapigwa polepole, kwa mwendo wa watu wanaosindikiza jeneza. Baadhi ya nyimbo hizi Smith aliziandika baada ya kufiwa na mama, baba na kaka yake, na "I Can Never Say Goodbye" unahusu usiku aliofariki kaka yake. Hakuna mapambo ndani yake. Kinanda kinarudia sauti chache zilezile, na mwimbaji ambaye sasa ana zaidi ya miaka 60 anaimba kwa sauti ileile ya ujana, na kutolingana huko kwa sauti na umri ndiko kunakoniumiza kila ninaposikiliza.

Kisha mtafute Mdou Moctar, Mtuareg wa Niger, anayeimba kwa Kitamasheki na kupiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, na nyuzi zake zilikuwa waya za breki za baiskeli. Mei 2024 alitoa Funeral for Justice, albamu ya hasira iliyo wazi dhidi ya urithi wa ukoloni wa Kifaransa na dhidi ya viongozi wa Afrika wanaouendeleza, na magitaa yake yanakwaruza kiasi kwamba mpenzi yeyote wa hevi metali atajiona yuko nyumbani. Lakini mimi ninaipenda zaidi pacha wake, Tears of Injustice, iliyotoka Februari 2025. Jeshi lilipompindua Rais Mohamed Bazoum mnamo Julai 2023, bendi ilikuwa ziarani Marekani na wanamuziki wakashindwa kurejea kwao. Wakaingia studio mjini New York na kwa siku mbili wakarekodi upya nyimbo zilezile kwa magitaa yasiyo ya umeme. Zisikilize zote mbili kwa siku mfululizo. Katika ya kwanza utasikia watu wanaodai haki, na katika ya pili utasikia watu walewale wakiwa mbali na kwao, hawajui familia zao zinakabiliwa na nini. Maneno hayakubadilika.

Nyingine nizipitie haraka. Lonely People with Power ya Deafheaven, ya Machi 2025, ni njia nzuri ya kuingilia blaki metali, yaani metali ya mayowe makali na magitaa ya kasi, kwa mtu anayependa magitaa yenye ukungu na huzuni. Mwimbaji George Clarke, ambaye katika albamu ya 2021 alikuwa ameacha karibu kabisa kupiga mayowe, ameyarudia hapa, na wimbo wa "Amethyst" unavyokua kutoka kimya hadi mlipuko ni kazi ya mafundi. Cool World ya Chat Pile wa Oklahoma City ni chafu kwa makusudi na inazungumzia ukatili wa vita. Si ya kila siku. Knocked Loose wa Kentucky, katika albamu yao ya Mei 2024, wanamaliza kazi yote kwa chini ya nusu saa, nami nawashukuru kwa hilo, kwa maana Metallica, ambao nawaheshimu sana, walitupa dakika 77 katika 72 Seasons mwaka 2023, na kwa maoni yangu dakika 30 kati ya hizo zingeweza kubaki studio.

Kwa bando ulilo nalo, anza na Tears of Injustice, kwa kuwa inasikika vizuri hata kwenye simu ya kawaida. Blood Incantation mwekee akiba ya siku utakapoazima spika za maana.

SWALI: Mwandishi, salamu nyingi kutoka Mombasa. Mimi ni mwalimu, na nyumbani kwetu tumelelewa na taarabu, kwa hiyo nimezoea kuimba kuwe kuimba na neno lisikike. Juzi mwanafunzi wangu alinipa nisikilize bendi anayoipenda, nami sikusikia wimbo. Nilisikia mtu ananguruma mfano wa mnyama aliyejeruhiwa. Kwani ni lazima waimbe hivyo? Na koo zao haziumii?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Dada yangu, swali lako ni la haki, na anayelijibu kwa dharau hajui thamani ya sikio lililofunzwa na taarabu.

Nianze na koo. Tuna jozi mbili za mikunjo kooni: ile ya chini, ambayo ndiyo tunayoitumia kuzungumza na kuimba, na nyingine iliyo juu yake kidogo, ambayo kwa kawaida hukaa kimya. Mwimbaji wa ngurumo aliyefundishwa vizuri huitetemesha hiyo ya juu, akiisukuma pumzi kutoka tumboni kwa kiasi kidogo kuliko unavyodhani, na kipaza sauti ndicho kinachofanya kazi kubwa. Ukisimama karibu naye bila mitambo utashangaa jinsi sauti yenyewe isivyokuwa kubwa. Wanaojiumiza ni wale wanaopiga kelele kwa nguvu za koo tupu, na hao hawadumu. Wala Wazungu hawakuubuni uimbaji wa koo. Watu wa Mongolia na Tuva wanaimba kwa mikunjo hiyo tangu zamani, na huko Afrika Kusini wanawake wa Kixhosa wana uimbaji wao wa koo uitwao umngqokolo, ambamo mwimbaji mmoja hutoa sauti nzito ya chini na juu yake sauti nyembamba zikasikika kwa wakati mmoja.

Kuhusu kama ni lazima, jibu ni kwamba si lazima, na ngurumo inayotumiwa kwa mazoea tu hunichosha kama inavyokuchosha wewe. Ila nakuomba uisikilize albamu moja ambayo ndani yake ngurumo ina kazi maalumu. Ni The Last Will and Testament ya Opeth, bendi ya Stockholm, Uswidi, iliyotoka Novemba 2024. Kisa chake ni cha kusomwa kwa wosia. Baba mwenye mali amefariki, ni miaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watoto wamekusanywa, na karatasi inafunguliwa. Nyimbo saba za kwanza hazina majina, zina alama ya kifungu na namba tu, kama vifungu vya hati yenyewe. Mwimbaji Mikael Åkerfeldt hakuwa amenguruma katika albamu ya Opeth tangu 2008. Hapa amerudi kunguruma kwa sababu anahitaji sauti ya marehemu, mzee mkali ambaye hata kaburini anaendelea kuwatawala wanawe kwa siri anazozifichua kifungu baada ya kifungu. Anaimba pia kwa sauti safi na nzuri sana, na Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, anasoma maneno na kupiga filimbi. Wewe unayejua jinsi taarabu inavyoweza kupeleka ujumbe kwa mtu aliyekaa ukumbini bila kumtaja jina, utaelewa upesi kinachoendelea katika familia hiyo.

Yasome maneno kabla ya kusikiliza, hata kama ni mara moja tu. Halafu unaposikiliza, usiikimbilie sauti ya mwimbaji. Fuata dramu kwanza, kisha besi, na umwache mwimbaji awe wa mwisho kufika.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Muscat, nafanya kazi ofisini, na muziki huu ndio unaonisaidia kumaliza siku. Lakini jioni nikivua hedifoni nasikia mlio mwembamba masikioni ambao hauishi upesi. Je, ni kawaida?
Msomaji, Muscat

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wengi hupatwa na hali hiyo, lakini si hali ya kuiachia. Mlio huo ni dalili kwamba sikio limezidiwa, na ukirudiarudia huweza kubaki moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa salama kwa mtu mzima. Ukipanda hadi 90, saa zilizo salama zinashuka hadi 4 tu kwa wiki, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kupima na kuwekea kikomo sauti ya hedifoni, iwashe leo. Tafuta pia hedifoni zinazoziba kelele za nje, kwa kuwa mara nyingi tunaongeza sauti ili kuushinda mtambo wa kupoza hewa, na wala si kwa sababu muziki wenyewe unahitaji. Na umwone daktari wa masikio usisubiri mlio ukomae.

SWALI: Jambo sana ndugu mwandishi. Sisi huku Lubumbashi tunasoma safu yako na tunaipenda, ila kila mara unataja Marekani, Uingereza, Uswidi. Watu wanatuambia kwamba muziki huu ni wa Wazungu, na sisi tunaoupenda tunaiga tu. Je, Waafrika tuko wapi katika habari hii? Si magwiji wa zamani peke yao. Nataka pia wale wanaofanya kazi sasa.
Msomaji, Lubumbashi

JIBU: Ndugu yangu wa Lubumbashi, umeniuliza ukiwa umekaa jirani kabisa na jibu. Vuka mpaka uingie Zambia, katika miji ya shaba, na urudi nyuma hadi miaka ya 1970: hapo ndipo ilipozaliwa roki ya Kizambia, yaani zamroki, yenye magitaa yaliyokwaruzwa kwa makusudi juu ya midundo ya nyumbani. Rais Kaunda alikuwa ameagiza kwamba sehemu kubwa kabisa ya muziki wa redioni iwe ya Zambia, vijana wakajitosa. Kundi la WITCH, likiongozwa na Emmanuel Chanda aliyejulikana kama Jagari, lilitoa Lazy Bones!! mwaka 1975, na hadi leo ule mlio wa gitaa lililotiwa ukali unanifanya nisimame. Kisha bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukayumba, na baadaye ukimwi ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari alibaki, akafanya kazi ya kuchimba vito, na akiwa mtu mzima alirudi jukwaani. Albamu ya Zango ya mwaka 2023 na Sogolo ya mwaka 2025 ni kazi za bendi iliyo hai. Ya 2023 ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa kuwa ndani yake wazee na vijana wanapigana mabega bila yeyote kumpisha mwenzake kwa heshima za bure.

Na sisi wa Tanzania tuna haki ya kujivuna kidogo hapo. The Sunburst, kundi lililoanzia Dar es Salaam mwaka 1970, liliuita muziki wake mtindo wa Kitoto, likachanganya roki na soul na ngoma za kwetu, kisha likahamia Zambia na kutoa Ave Africa mwaka 1976. Rekodi zao zilikusanywa na kutolewa upya mwaka 2016. Kijana wa Kariakoo anayedhani roki haijawahi kuwa yetu azitafute.

Lakini umetaka wa sasa. Nairobi imekuwa na bendi za metali na panki, yaani roki fupi ya kasi na hasira, kwa miaka mingi, zikipiga katika kumbi ndogo bila msaada wa redio. Kutoka huko ndiko walikotokea Duma, vijana wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa Kampala na lebo ya Nyege Nyege Tapes. Hawakutumia bendi kamili. Walichukua mayowe ya metali wakayaweka juu ya midundo ya kompyuta inayokwenda kwa kasi ya kutisha, na sikujua wakati ule, na sijui hata sasa, kundi lingine linalosikika hivyo. Aprili 2024 Kanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept. Ameiweka kuwa kumbukumbu ya Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildi mashali katika vita vya Mau Mau, ambaye Kanja ni kitukuu chake. Mama huyo alifuga rasta zake tangu msituni, hakuzikata hadi Aprili 2022, aliponyolewa na Mama Ngina Kenyatta, na akafariki Septemba 2023. Unapojua hayo, mayowe ya kitukuu wake hayawezi tena kuitwa uigaji. Sisemi kwamba albamu haina dosari, kwani wageni walioalikwa ni wengi na mara mbili tatu nilitamani wapishe ili nimsikie mwenye nyumba; hata hivyo, hakuna albamu ya Afrika Mashariki ya miaka hii niliyoisikiliza kwa mshtuko kama huu.

Kwako wewe Mkongo kuna kibao kimoja ambacho ningependa ukisikilize ukiwa na rafiki zako: "Leopold" wa Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi. Unamhusu Mfalme Leopold wa Ubelgiji na aliyoyatenda katika nchi yenu, na unaimbwa na vijana wa Kenya kwa hasira ambayo haikuazimwa kokote.

Ukipata nafasi, endelea hadi Lomé. Arka'n Asrafokor wa Togo wanaimba kwa Kiewe, Kifaransa na Kiingereza, na wana ngoma za jadi jukwaani sambamba na dramu. Albamu yao ya Dzikkuh, ya Aprili 2024, inafaa kusikilizwa kwa ajili ya jambo moja dogo: mahali ambapo magitaa yanakatika ghafla na ngoma zinabaki peke yake. Bendi nyingi hutia ngoma za asili kama kitoweo cha kuonjesha wageni. Hapa ngoma ndizo zinazoshika mwendo, na gitaa ndilo linalofuata. Ukiziondoa, wimbo unaanguka. Na yupo Backxwash, mzaliwa wa Lusaka anayeishi Montreal, Kanada, ambaye alishinda tuzo ya Polaris, ya albamu bora ya Kanada, ya mwaka 2020 kwa muziki wa kufokafoka uliojengwa juu ya vipande vya metali, kikiwemo kipande cha Black Sabbath. Albamu yake ya Machi 2025, Only Dust Remains, ni tulivu kuliko zilizotangulia, na mashairi yake yanahusu kifo kwa ukweli usiokwepa. Botswana nao wana kina Overthrust na mashabiki wao waliovaa mavazi ya ngozi nyeusi toka kofia hadi buti, lakini hao nitawaandikia siku yao.

SWALI: Bwana mwandishi, mimi ni mzazi na ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Eldoret. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Amebandika picha ya Black Sabbath ukutani na husikiliza nyimbo zao hadi usiku. Kanisani tumefundishwa kwamba huu ni muziki wa kumwabudu shetani. Sitaki kumwonea, lakini pia sitaki kupuuza. Nimnyang'anye simu?
Mzazi, Eldoret

JIBU: Mzee wangu, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuchukua hatua. Hofu yako ina historia. Wakenya wa rika lako wanakumbuka tume iliyoteuliwa na Rais Moi mwaka 1994 kuchunguza ibada za shetani. Wala sitakudanganya kwamba muziki huu hauna kurasa mbaya. Huko Norwe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya vijana wa blaki metali walichoma makanisa kwelikweli, likiwemo kanisa la kale la mbao la Fantoft mwaka 1992, na mmoja wao, aliyerekodi kwa jina la Burzum, alifungwa kwa mauaji na kwa kuchoma makanisa mengine. Mimi sizisikilizi rekodi zake, na ukizikuta kwa mwanao nakushauri mzungumze.

Ila Black Sabbath ni habari nyingine kabisa. Walikuwa vijana wanne wa familia za wafanyakazi wa Birmingham, Uingereza. Geezer Butler, aliyeandika mashairi mengi, alilelewa Mkatoliki, na misalaba unayoiona shingoni mwao katika picha za zamani ilitengenezwa na baba yake Ozzy Osbourne ili iwalinde. Katika albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971 umo wimbo wa "After Forever", ambao unamtetea Mungu waziwazi na kumhoji anayemdhihaki. "War Pigs" wa mwaka 1970 unataja shetani, ni kweli, lakini unamtaja kama mwenye kufurahi kuwaona majenerali na wanasiasa waliowatuma watoto wa maskini vitani wakihukumiwa. Mhubiri yeyote angeweza kuutumia.

Na wewe ukiwa fundi wa kuchomelea, lipo jambo nataka umsimulie mwanao, kama bado halijui. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kabla ya kuondoka kwenda kuwa mwanamuziki, mfanyakazi wa mashine ya kukandamiza mabati hakufika, akapewa yeye kazi hiyo, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule ambao yeye, mtu wa mashoto, huutumia kubania nyuzi. Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyepiga kwa vidole viwili vizima tu baada ya kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akaifinyanga iwe vifuniko vya vidole, akavivika ngozi aliyoikata kwenye jaketi kuukuu, na akatumia nyuzi nyembamba kuliko za kawaida. Kufikia albamu hiyo ya 1971 alikuwa akizilegeza nyuzi hata zikashuka nusu-sauti tatu, zisimuumize, na sauti ya gitaa ikashuka pamoja nazo. Ile sauti nzito ya chini ambayo mwanao anaisikiliza usiku, na ambayo bendi zote nilizozitaja leo zimeirithi kwa njia moja au nyingine, sehemu yake kubwa imetokana na mkono wa fundi aliyeumia kazini akakataa kuacha.

Julai 5, 2025 wanne hao walipiga pamoja kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, mjini kwao, na mapato yakaelekezwa kwa utafiti wa ugonjwa wa Parkinson na kwa huduma za watoto wagonjwa. Ozzy, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na Parkinson, aliimba akiwa ameketi. Alifariki siku 17 baadaye, Julai 22, akiwa na miaka 76. Huenda picha ile ukutani ni ya maombolezo, nawe hujaambiwa.

Kwa hiyo simu usimnyang'anye. Mwombe akuwekee "War Pigs" na "After Forever" mchana, kwa sauti ya kiasi, maneno yakiwa mbele yenu nyote wawili, na umwache akueleze anachokipenda humo kabla hujamwambia usichokipenda. Mwulize pia ni bendi gani nyingine anazisikiliza, na majina yake uyaandike. Kuhusu usiku uko sahihi kabisa: mtoto wa kidato cha tatu anahitaji kulala, na saa ya kuzima muziki ni ya mzazi kuipanga.